Elementi, kampaundi au mchanganyiko? Cha kuuliza kabla ya kulipa

Iwe kwa sonara, kwenye duka la vifaa vya umeme au duka la pembejeo, mteja huuliza swali lile lile: "Hii ni orijino?" Na muuzaji hujibu ndiyo, sijawahi kumsikia aliyejibu hapana. Ubovu uko kwenye swali lenyewe. Linachukulia kwamba kila bidhaa hupimwa kwa usafi, na kwamba iliyo safi zaidi ndiyo bora zaidi. Zipo bidhaa ambazo usafi ndio kila kitu. Zipo nyingine ambazo ikiwa safi haikufai, ya kununua ni iliyochanganywa. Na zipo ambazo kabla ya usafi inabidi ujue ni kitu gani hasa, maana vitu viwili vinaweza kufanana rangi, harufu na hata jina, kimoja kikakufaa na kingine kikakuua.

Somo la darasani la elementi, kampaundi na mchanganyiko linatatua jambo hili vizuri kuliko linavyodhaniwa. Wengi tuliandika kwamba hewa ni mchanganyiko na maji ni kampaundi, tukapata alama, tukafunga daftari. Mimi naona matumizi yake makubwa yako dukani.

Kwa ufupi: elementi ni kitu chenye atomi za aina moja tu, kama dhahabu, shaba, alumini, salfa au oksijeni. Huwezi kuivunja ikawa kitu sahili zaidi kwa moto wala kwa asidi. Zinazojulikana leo ni 118. Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia kwa uwiano usiobadilika. Katika kila gramu 9 za maji, karibu 8 ni oksijeni na 1 ni haidrojeni, yawe yametoka Ziwa Tanganyika au kwenye mvua ya Mombasa. Mkemia Mfaransa Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, alionyesha mwaka 1799 kwamba kaboneti ya shaba iliyochimbwa ardhini na ile aliyoitengeneza mwenyewe zina uwiano ule ule. Mchanganyiko ni vitu vilivyowekwa pamoja bila kuungana. Kila kimoja kinabaki na tabia zake, uwiano ni apendavyo mchanganyaji, na unaweza kuvitenga kwa kuchuja, kuchekecha, kukausha juani au kuvuta kwa sumaku.

Maswali ya dukani basi ni matatu. Elementi, uliza usafi wake ni kiasi gani. Kampaundi, uliza ni ipi hasa. Mchanganyiko, uliza kuna nini na nini humo, na kila kimoja ni kiasi gani.

Kwa sonara

Dhahabu ya karati 24 ndiyo elementi yenyewe, kadiri kiwanda kinavyoweza kuisafisha. Vipande vya akiba hugongwa mhuri wa 999 au 999.9, yaani sehemu 999 kati ya 1,000 ni dhahabu. Ukishuka kutoka hapo umeingia kwenye mchanganyiko: karati 22 ina mhuri wa 916, karati 21 ni 875, karati 18 ni 750, karati 14 ni 585 na karati 9 ni 375. Pengo hujazwa kwa shaba na fedha, wakati mwingine zinki, na kwenye dhahabu nyeupe huwekwa paladi au nikeli.

Wanaodhani karati 24 ndiyo bora kwa kila kitu hawajawahi kuivaa. Ni laini mno. Bangili yake hubonyea ikigonga mlango, na mkufu mwembamba hunyooka hadi ukakatika. Atomi za shaba ni ndogo kuliko za dhahabu, na zikiingia katikati yake tabaka za atomi haziteleziani kirahisi tena. Pambo linakuwa gumu kwa sababu limechanganywa.

Kwa hiyo chagua kulingana na kazi. Ya kuweka akiba, nunua 24, tena kipande kisicho na nakshi, usilipie ufundi ambao hutaupata ukiuza. Ya kuvaa harusini na kurudisha sandukuni, 22 au 21 inatosha. Hiyo 21 hupendwa sana Ghuba, na ndiyo utakayoikuta kwa wengi wanaoleta dhahabu Unguja na Mombasa kutoka Muscat. Ya kila siku, hasa pete yenye jiwe, chukua 18, kwa kuwa vishikizo vya jiwe vikiwa laini jiwe litadondoka ukiwa unafua. Siku ya kuuza, sonara anahesabu dhahabu tu: gramu 10 za karati 21 zina dhahabu gramu 8.75, na gramu 10 za karati 14 zina gramu 5.85.

Dhahabu ya kuchovya ni jambo jingine kabisa, ndani ni shaba au fedha na nje ni ngozi nyembamba ya dhahabu. Ukiwa na mizani nzuri ya gramu unaweza kuikamata mwenyewe. Pima pambo likiwa kavu, kisha lipime likining'inia ndani ya maji bila kugusa kikombe. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Dhahabu safi itakupa karibu 19.3, karati 18 itakupa 15 na ushei, na shaba ya njano haifiki 9. Pambo lenye uwazi ndani litakudanganya, kwa hiyo kipimo hiki ni cha bangili na pete zilizojaa.

Waya, na sufuria pia

Kwenye waya hukumu inageuka. Shaba ya umeme inatakiwa iwe elementi hasa, usafi wa asilimia 99.9 na kuendelea, kwa sababu ile ile iliyoipa ugumu dhahabu ya karati 18: atomi ngeni zikijipenyeza kwenye mpangilio, zinazuia mwendo. Kwenye bangili zinazuia tabaka kuteleza, kwenye waya zinazuia umeme kupita.

Sokoni kuna waya unaong'aa kama shaba na ndani ni alumini iliyovishwa shaba. Kwangua ncha yake kwa wembe. Ukiona weupe, umeshajua. Uzito nao unasema. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya alumini ina 2.7, kwa hiyo roli nzima utaibeba kwa mkono mmoja ukijiuliza mbona nyepesi. Alumini hupitisha umeme kwa kama asilimia 61 ya uwezo wa shaba, kwa maana hiyo waya wa alumini wa milimita 2.5 unafanya kazi ya shaba ya milimita 1.5. Fundi aliyeutandika kwenye soketi ya pasi na jiko amekuwekea waya wa taa.

Kuna na la pili, ambalo ni la kampaundi. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo ngozi ya oksaidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, ngumu na isiyopitisha umeme. Kwenye kiungio cha soketi ngozi hiyo huleta joto, joto hulegeza skrubu, na skrubu iliyolegea hutoa cheche. Nyaya kubwa za nguzoni ni za alumini na hazina shida, kwa kuwa viungio vyake vimetengenezwa kwa ajili hiyo na wepesi wake unahitajika kule juu. Ndani ya nyumba nachagua shaba, hata kama kwa pesa ile ile napata roli fupi.

Ngozi hiyo hiyo ya oksaidi ndiyo inayoilinda sufuria ya alumini isiliwe na chakula. Nyanya, ukwaju na ndimu huimenya taratibu, na magadi huimenya upesi. Ndiyo maana sufuria ya maharage ya magadi huwa nyeusi ndani. Lakini wasiwasi wangu mkubwa hauko kwenye alumini ya kiwandani. Uko kwenye sufuria nzito za kumimina, zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta, makopo. Hapo una mchanganyiko ambao hakuna anayejua uwiano wake, hata aliyeumimina, na wanasayansi waliopima vyombo vya namna hii katika nchi kadhaa, za Afrika zikiwamo, wamekuta metali ya risasi, ambayo ni sumu, ikitoka na kuingia kwenye chakula. Stenlesi nayo ni mchanganyiko, ila wa uwiano unaojulikana: 18/10 iliyogongwa chini ya sufuria ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, na inayobaki kwa sehemu kubwa ni chuma. Kwa mchuzi wa nyanya na mboga za ukwaju, hiyo ndiyo ya kununua. Ikikushinda bei, alumini ya kiwandani ni bora kuliko ya kumimina, hata kama ya kumimina inaonekana imara.

Poda nyeupe za jikoni

Bekingi soda, bekingi pauda na magadi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja, na keki nyingi zimeharibika kwa sababu hiyo.

Bekingi soda ni kampaundi moja: sodiamu baikaboneti. Ili iumue unga inahitaji kitu chenye uchachu, mtindi, ndimu au siki, ndipo itoe gesi ya kabonidayoksaidi. Ukiiweka kwenye unga usio na uchachu, joto litaivunja na kuacha sodiamu kaboneti, na keki itatoka na rangi ya manjano na ladha ya sabuni. Bekingi pauda ni mchanganyiko wa soda hiyo hiyo, asidi kavu na wanga wa kuzuia unyevu. Soda iliyomo kwa kawaida ni robo hadi theluthi tu, ndiyo maana kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda huchukua nafasi ya vijiko vitatu hivi vya pauda. Uchachu wake imekuja nao, kwa hiyo maji au maziwa ya kawaida yanatosha kuiamsha.

Hata namna ya kuzijaribu kama bado nzima inatofautiana. Pauda imwagie maji ya moto. Ikitoa povu kali, oka. Ikikaa kimya, unyevu uliingia kwenye kopo na asidi na soda zimeshamalizana huko huko. Soda ukiimwagia maji ya moto haikuambii mengi, ikamulie ndimu. Nikilazimika kununua moja tu nanunua soda, kwa kuwa ndimu ninayo na soda iliyofunikwa vizuri hukaa muda mrefu. Anayepika keki kila wiki achukue pauda, kopo dogo, si lile kubwa la bei nafuu. Hamira siihesabu hapa, ile ina uhai.

Magadi yana hadithi ndefu zaidi. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Magadi upande wa Kenya na Natron upande wa Tanzania, ambako jua hukausha maji na kuacha magamba meupe. Kiini chake ni kampaundi ya sodiamu kaboneti, baikaboneti na maji, lakini bonge unalouziwa sokoni limebeba na mengine: chumvi ya kawaida, udongo, na floraidi. Yashike mkononi mabonge matatu kutoka fungu moja. La kwanza jeupe, la pili la kijivu, la tatu lina mishipa ya udongo katikati. Hapo swali la kila kimoja ni kiasi gani halina jibu, si kwa muuzaji wala kwa mpishi.

Floraidi ndiyo inayonifanya nishauri watu wayaache. Kaskazini mwa Tanzania maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi tayari, na magadi huongezea. Meno ya kahawia unayoyaona kwa waliokulia huko yanatokana na floraidi iliyozidi utotoni. Kama shida ni maharage yasiyoiva, bekingi soda kidogo kwenye maji ya kulowekea inafanya kazi ile ile, kwa sababu kinacholegeza maharage ni ukali wa alkali unaoyeyusha gundi inayoshikanisha seli zake. Zote mbili huharibu vitamini B1, kwa hiyo mwaga yale maji ya kulowekea. Najua watu wa makande watanibishia kwamba ladha ya magadi haina mbadala, na kwenye ladha wana hoja.

Chumvi nitaipita haraka. Sodiamu kloraidi ni ile ile, iwe ya Uvinza, ya mabwawa ya pwani au ya pinki ya Himalaya iliyofungwa kwenye chupa ya bei mbaya. Hiyo ya pinki ni mchanganyiko ambao karibu wote ni chumvi, na rangi yake ni ya chembe za oksaidi ya chuma. Ninachokitafuta kwenye paketi ni madini joto, ambayo huongezwa kama iodeti ya potasiamu. Chumvi nyingi za mapambo hazina.

Duka la pembejeo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mmea unahitaji naitrojeni, fosforasi na potasiamu, zote elementi, lakini hauwezi kuzila zikiwa elementi. Asilimia 78 ya hewa inayopepea juu ya shamba lako ni naitrojeni, na mahindi yanaweza kuwa ya manjano kwa njaa ya naitrojeni katikati ya hewa hiyo. Atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo mizizi haiiwezi. Bakteria wa kwenye mizizi ya kunde na maharage huweza kuzitenganisha, na viwanda huweza kwa joto na mgandamizo. Mfuko wa mbolea, kwa hiyo, ni njia ya kununua elementi ikiwa ndani ya kampaundi, na wakati mwingine kampaundi hiyo iko ndani ya mchanganyiko. Namba za kwenye mfuko, zikifuatana naitrojeni, fosforasi, potasiamu, ndizo zinazokuambia umenunua asilimia ngapi ya kila kimoja.

| Mbolea | Ni nini | Kwenye mfuko wa kilo 50 | Kazi |
|---|---|---|---|
| Urea (46-0-0) | Kampaundi moja | Naitrojeni kilo 23 | Kukuzia |
| CAN (26-0-0) | Mchanganyiko: amonia naitreti na chokaa | Naitrojeni kilo 13 | Kukuzia |
| DAP (18-46-0) | Kampaundi ya amonia na fosfeti | Naitrojeni kilo 9, fosfeti kilo 23 | Kupandia |
| NPK 17-17-17 | Mchanganyiko | Kilo 8.5 za kila kimoja | Kupandia |

Namba ya kati ina mtego. Kilo 23 za fosfeti kwenye DAP zimehesabiwa kama P₂O₅, oksaidi ambayo wala haimo kwenye mfuko. Ni desturi ya zamani ya maabara iliyobaki kwenye lebo. Fosforasi yenyewe ni kama kilo 10. Ukikuta mfuko mmoja unahesabu kwa P na mwingine kwa P₂O₅, usizilinganishe namba zilivyo, zidisha ya P₂O₅ kwa 0.44 kwanza.

Urea na CAN ndizo zinazogombaniwa na wakuzia mahindi. Kwa bei tupu, urea hushinda karibu kila mara. Tuseme urea ni shilingi 70,000 na CAN ni 60,000. Mkulima anaona CAN ni rahisi. Gawa kwa naitrojeni iliyomo: urea ni kama shilingi 3,040 kwa kilo ya naitrojeni, CAN ni kama 4,615. Ameokoa elfu kumi mfukoni na kurudi na naitrojeni pungufu kwa kilo 10.

Ila bei si yote. Urea ikiachwa juu ya udongo siku za joto hugeuka amonia na kuondoka na upepo, na harufu yake kali utaisikia ukipita shambani. Inataka udongo wenye unyevu na jembe la kuifukia. CAN nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, mmea unaichukua mara moja, na chokaa iliyomo hupunguza uchachu ambao mbolea za amonia huuacha kwenye udongo. Kwa shamba lenye udongo mchachu, au mtu asiye na vibarua wa kufukia, nitamwambia alipe zaidi achukue CAN. Kwenye majaruba ya mpunga, Mbarali au Mwea, nitamwambia kinyume: naitreti ndani ya maji yaliyotuama hugeuzwa gesi na bakteria ikapotea, kwa hiyo urea. Usiweke mifuko iliyofunguliwa ya hizi mbili pamoja, na usizichanganye kwenye ndoo. Kila moja ikiwa peke yake hukaa kavu zaidi, zikikutana hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi na kuwa uji.

Kuna mkulima atakayekuambia urea ni kemikali ya kiwandani na mkojo wa ng'ombe ni wa asili, kana kwamba ni vitu viwili. Urea iliyo ndani ya mkojo na ile ya mfukoni ni kampaundi ile ile, na jambo hilo limejulikana tangu 1828, Friedrich Wöhler alipoitengeneza Berlin bila figo wala mnyama. Kinachotofautisha mkojo na mfuko ni kiasi: mkojo ni mchanganyiko ambao karibu wote ni maji. Samadi nayo ina naitrojeni kidogo isiyotabirika, lakini inaupa udongo mboji ambayo hakuna mfuko unaoiuza. Anayeweza, atumie zote mbili.

Kwenye NPK angalia punje. Kama kila punje ina rangi moja na imetengenezwa kwa pamoja, kila punje ina vyote vitatu. Kama ni punje nyeupe, za kijivu na nyekundu zilizochanganywa tu, ndogo na nzito hushuka chini lori likitikisika. Kwa anayemwaga kwa trekta si hoja sana. Kwa anayepima kwa kifuniko cha soda kila shimo, shimo moja linaweza kupata potasiamu tupu na jirani yake fosfeti tupu. Kama huna njia ya kuepuka, mwaga mfuko wote kwenye turubai uuchanganye kwa koleo kabla ya kupanda. Na DAP isiguse mbegu, amonia yake huiunguza. Weka udongo katikati.

Udanganyifu upo. Mwaka 2024 Kenya ilitikiswa na kashfa ya mbolea ya ruzuku iliyokutwa chini ya kiwango, wakulima wakiwa wameshaifukia. Kipimo cha nyumbani kinaweza kukuokoa na ule wizi mkubwa. Weka kijiko cha urea kwenye glasi ya maji na ukoroge. Yote huyeyuka, na glasi hupoa mkononi hadi ukaisikia, maana urea hunyonya joto inapoyeyuka. Kikibaki kitu chini, si urea peke yake. CAN huacha mashapo, na hilo ni sawa. Mwaga maji, yakamulie mashapo ndimu. Yakitoa povu ni chokaa, yasipotoa una mchanga au kitu kingine. Kipimo hiki hakikuambii kama ni asilimia 26 au 20, hiyo ni kazi ya maabara. Tanzania mbolea zilizosajiliwa ziko chini ya mamlaka ya udhibiti, TFRA, na risiti ndiyo ushahidi wako ukienda kulalamika.

Vidumu viwili vya betri

Kibanda cha betri huuza vidumu viwili vinavyofanana. Kimoja ni asidi, mchanganyiko wa asidi ya salfa na maji, wa kujazia betri mpya iliyokuja kavu. Kingine ni maji yaliyokenekwa, kampaundi tupu, ya kuongezea. Betri ya gari au ya sola ikipungua, kilichoondoka ni maji tu, asidi imebaki ndani. Ukiongeza asidi unaukoleza mchanganyiko na sahani za risasi zinaliwa. Maji ya bomba na ya kisima hayafai, yana kloraidi, chuma na kalsiamu, na ya chupa ya kunywa yana madini ambayo lebo yenyewe inayataja kwa majina. Taja unachotaka kwa jina lake lote, "maji ya kuongezea" au "asidi", usiseme "maji ya betri" ukamwachia muuzaji aamue.

Spiriti

Kwenye alkoholi maswali mawili yanakuja pamoja. Ya kusafishia ngozi, iliyochanganywa na maji hushinda iliyo karibu safi: asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko 95, kwa kuwa maji husaidia kuziharibu protini zao na kuifanya spiriti isikauke mapema. Usiilipie zaidi ile ya 95 kwa ajili ya mikono.

Swali la pili ni zito kuliko yote kwenye makala hii: ni alkoholi ipi? Ethanoli na methanoli ni kampaundi mbili, zote hazina rangi, zote zinawaka, na harufu zake zinakaribiana. Ethanoli huchemka nyuzi 78, methanoli nyuzi 65. Methanoli ikiingia mwilini hugeuzwa asidi ya fomiki, inayopofusha macho na kuua. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe iliyotiwa methanoli. Hakuna kipimo cha kuwasha moto wala kunusa kinachozitofautisha kwa uhakika, na waliokiamini wapo makaburini. Spiriti ya kuyeyushia rangi inaweza kuwa na methanoli, kwa hiyo isitumike kwenye kidonda wala kwenye ngozi ya mtoto. Ya kidonda inunuliwe duka la dawa, na lebo yake iandike jina la alkoholi iliyomo pamoja na asilimia.